Supu ya Mfupa wa Kavira

Nimestaafu tangu mavuno ya maharagwe yaliyopita, na tayari ninyi wadogo zangu wa chumba cha upasuaji mmenipigia simu mara nyingi kuliko watoto wangu wa kuzaa. Mnauliza pensi kubwa, ile koleo ya kushikia mifupa, iliwekwa wapi. Mnauliza kwa nini mlango wa poupinel, ile tanuri yetu ya kukausha vyombo kwa moto mkavu, unakataa kufunga. Uinueni kidogo kwa goti, ndipo msukume. Sasa nimeona heri niandike, ili niweze kulima shamba langu kwa amani. Vyeo sitavitaja, anayevitaka atavikuta ukutani pale ofisini, na mshahara wa miaka ile ni hadithi fupi mno. Nitawaandikia habari za mifupa.

Niliingia hospitalini hapa Butembo nikiwa msichana mwenye diploma mpya na viatu vyeupe. Vumbi la Bulengera lilivimaliza viatu kabla ya saa sita mchana. Ndoto yangu ilikuwa kusimama kando ya daktari, nimpe kisu, anipe shukrani. Kazi niliyopewa ilikuwa kuosha vyombo. Aliyenipokea ni Papa Katembo, mkuu wa chumba cha kutakasia vyombo, mzee mfupi aliyezungumza na mashine zake kwa heshima na watu kwa utani.

“Weye njo Kahindo?” aliniuliza.

“Ndiyo, Papa.”

“Unajua kupika?”

“Najua.”

“Bon. Hapa tuko napika vyuma. Chumvi hapana, mafuta hapana. Moto tu.”

Nilicheka, yeye akanipa ndoo ya mikasi yenye damu. Kwa majuma ya kwanza sikufanya kingine ila kusugua meno ya mikasi kwa mswaki. Jioni alikuwa akiipokea, anaifungua na kuifunga karibu na sikio, na mkasi ukikwaruza hata kidogo unarudi kwenye beseni. Nilimchukia kwa moyo wote. Baadaye, nilipoanza kusimama kando ya daktari, niliona mkasi unavyokata bila kulalamika, nikaacha kumchukia.

Mifupa ilikuja hivi. Daktari wetu wa upasuaji, Docteur Kakule, mtu mrefu mwenye sauti ya kanisani, alikuwa na chupa moja ndogo kabatini ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Ndani mlikuwa na punje nyeupe mfano wa mchele uliovunjika. Nilipouliza ni nini, Papa Katembo alisema ni ng'ombe. Nilidhani ni utani wake wa kawaida. Kumbe kweli ulikuwa mfupa wa ng'ombe wa Ulaya, uliotolewa mafuta na nyama yote kiwandani, ukabaki ule ugumu wake mtupu wa jiwe wenye vitundu.

“Mufupa ya mutu ikivunjika, inajiunga,” alinieleza. “Lakini shimo haijiungi. Mufupa iko kama maharagwe ile ya kupanda. Inatafuta kijiti. Hii ya ngombe ni kijiti tu. Maharagwe ni ya mugonjwa mwenyewe.”

Nimesoma vitabu vingi tangu siku hiyo, na sijaona maelezo yanayoyashinda hayo. Unaweka kijiti ndani ya shimo, mfupa wa mgonjwa unapanda juu yake taratibu, unalijaza shimo. Ukiweza, unachanganya na kidogo cha mfupa wa nyonga ya mgonjwa mwenyewe, kama mbegu. Nyonga nayo haina ghala, ndiyo maana kijiti kinahitajika.

Kisha vita vikaja, vikaondoka kidogo, vikarudi na ndugu zao. Ninyi mlikuwa mgongoni mwa mama zenu. Ndege zilitua Mavivi, kule Beni, zikishusha watu wenye bunduki na zikipakia mali ambayo hatukuulizwa, lakini katoni yetu ya dawa haikuwamo. Chupa ya Docteur Kakule ilibaki na vumbi jeupe chini, naye aliiinua kila asubuhi akaitazama kana kwamba ingezaa. Siku moja aliiweka mezani mbele ya Papa Katembo.

“Muzee, bazungu banatoa hii wapi?”

“Kwa ngombe.”

“Na siye, tunakosa ngombe?”

Ndivyo tulivyoanza. Daktari alikuwa na kitabu chake cha chuo kilichoeleza jinsi watu wa zamani walivyofanya, na Papa Katembo alijua moto. Tulichukua kichwa cha mfupa, pale karibu na goti, penye vitundu vingi. Tukakatakata kwa msumeno wa chuma wa dukani. Tukachemsha, tukakwangua, tukachemsha tena kwa maji ya magadi, tukaloweka kwenye eau oxygénée, ile dawa ya kusafishia vidonda, mpaka povu likachoka, tukatoa mafuta kwa alkoli, tukakausha, tukapitisha kwenye otoklavu, mtungi wa mvuke mkali unaoua vijidudu. Kazi ya karibu juma zima kwa kiganja kimoja cha punje. Naomba msijaribu. Leo viwanda vinapima magonjwa ya ng'ombe ambayo sisi hatukuyajua hata kwa jina, na ninyi mna chupa kabatini. Sisi tulikuwa na vita.

Kati ya wote waliopokea punje zetu, namkumbuka zaidi Kavira. Alikuwa fundi wa nguo, mjane kijana, na cherehani yake ya kukanyaga kwa mguu ilimlisha yeye, watoto wake na mama yake. Walikuwa wakikimbia risasi juu ya lori lililojaa mihogo, lori likayumba, Kavira akaanguka kwa goti. Kwenye picha, sehemu ya juu ya mfupa wa muundi ilikuwa imebonyea ndani, mfano wa kifuniko cha sufuria kilichokaliwa. Docteur Kakule alieleza bila kuzunguka: atakiinua kile kifuniko, lakini chini yake patabaki shimo, na shimo lisipojazwa kifuniko kitaanguka tena. Na ilibidi ifanyike upesi, kabla mfupa haujashikana vibaya.

“Nitakanyaga mashine?” Kavira aliuliza. Hakuuliza kingine chochote.

“Tukijaza muzuri, utakanyaga,” daktari alimjibu. “Tusipojaza, utatembea na fimbo. Mashine, hapana.”

Mama yake, Mama Kanyere, alikuwa amesimama miguuni pa kitanda ameshika bakuli. Alikuwa mwanamke mkubwa, mwimbaji wa kwaya ya Waprotestanti, mwenye mikono isiyojua kukaa bure. Alitusikiliza tukieleza habari za ng'ombe, akafikiri kidogo.

“Mutoto yangu hataanza kulia kama ngombe?”

“Akilia, mutapata maziwa,” Papa Katembo alisema, na wodi nzima ikacheka, Kavira naye. Wakakubali.

Tulipata mguu mmoja wa ng'ombe, wa mwisho kwa bucha wetu, maana barabara za kutoka malishoni zilikuwa zimefungwa. Jiko letu la makaa lilikuwa limepasuka juma lile. Papa Katembo akapeleka sufuria ya kwanza ya kuchemshia kwenye jiko la walinzi wa wagonjwa, nyuma ya wodi, pale ambapo familia hupikia watu wao. Akaweka kuni, akafunika, akarudi kusubiri.

Sasa ninyi mnalijua jiko lile na desturi yake. Siku za Ijumaa makanisa yalipokezana kuleta sufuria ya huruma: huyu Mkatoliki, juma lijalo Mprotestanti, na hakuna aliyeuliza sufuria ya nani. Unaikuta jikoni haina mwenyewe, imejaa mifupa, inachemka. Unajua ni ya wote. Kilichobaki ni kuongeza chumvi kwa heshima ya aliyeleta, kisha unagawa, ukianza na wasio na mtu.

Siku ile ilikuwa Ijumaa. Mama Kanyere akafika jikoni.

Alifanya vizuri kabisa. Akatia chumvi, nyanya, kitunguu, mafuta ya mawese na pilipili. Akavunja vipande kwa jiwe ili uboho utoke. Akapeleka bakuli kwa mzee asiye na jamaa, kwa mama wa pacha, kwa askari mmoja mwenye jeraha la bega, kwa bintiye, na mwisho akajipakulia. Papa Katembo alipotoka kutazama moto, alikuta watu wakinyonya mifupa kwa furaha ambayo hatukuwa tumeiona wodini kwa muda mrefu.

Aliinama akachungulia sufuria.

“Mama Kanyere,” alisema, “hii supu umeitoa wapi?”

“Si ni ya kanisa?” Mama Kanyere akamjibu. “Wakatoliki njo bameleta. Leo bameweza!”

Nilikuwa nyuma ya Papa Katembo, na nakiri nilikuwa karibu kucheka. Alimweleza kwa upole kwamba mfupa ule ulikuwa ndio wa mguu wa Kavira. Alimaanisha mfupa wa kutumia. Lakini maneno yalipita kwenye jiko lile kama moshi, na yalipofika mlangoni yalikuwa yamebadilika. Mama amekula mfupa wa binti yake.

Mimi Mnande, na ninyi wengi wenu pia. Sina haja ya kuwaeleza neno hilo linamaanisha nini katika kijiji, achilia mbali katika mji wenye vita, ambako kila mtu ana maiti wa kumtafutia sababu. Kula mfupa wa mtoto ni kazi ya walozi. Mama wa pacha aliweka bakuli chini, akajifuta mdomo, akaondoka nao. Mwingine akamwaga. Askari akatema. Hata yule mzee asiye na jamaa alijigeuza akatazama ukuta.

Mama Kanyere alibaki na kijiko mkononi.

“Miye nilikula mufupa ya mutoto yangu,” alisema, kwa sauti ndogo isiyomfaa mtu wa ukubwa ule. Akavua kitambaa cha kichwani akaanza kukunja vitu vyake. Alitaka kuondoka. Akiondoka, Kavira hana wa kumpikia, wala wa kumgeuza, na bila shaka na yeye angetaka afuate mama yake, apelekwe nyumbani na goti lake lilivyo. Hamu ya kucheka ilinitoka. Nilihisi hofu, na nilimwonea huruma.

Papa Katembo alivuta kigoda, akaketi mbele ya sufuria, mbele ya macho ya wote. Akaomba bakuli. Hakuna aliyempa, basi akatumia kifuniko. Akapakua, akanywa, akachagua kipande kikubwa cha mfupa akakinyonya kwa kelele ambazo mke wake angemkataza.

“Kahindo,” akaniita. “Kuya hapa. Kula.”

Niliketi nikala. Ilikuwa supu tamu sana, niwaambie ukweli, na pilipili yake ilinipa kisingizio cha machozi. Docteur Kakule akaja kutafuta watu wake, akatukuta chini tumeshika mifupa. Papa Katembo alimnong'oneza mambo yalivyokuwa. Daktari yule, mwenye koti lake jeupe, akakunja suruali akachuchumaa.

“Muniwekee na miye,” alisema.

Tulipomaliza, Papa Katembo alisimama akatazama watu wote waliokusanyika kwenye vizingiti vya milango.

“Kama hii ni bulozi,” alisema, akimaanisha uchawi, “donc siye bote tuko balozi, na docteur njo mukubwa yetu. Na kesho ni ye atabapasua. Sasa nani anakimbia?”

Yule askari mwenye bega akacheka kwanza. Mama wa pacha akarudi, akachungulia ndani ya sufuria, akasema kama kumebaki anaweza kusaidia. Mama Kanyere akaketi. Hakuondoka. Lakini hakuonja tena hata tone, hata alipokuwa akitugawia.

Tulicheka, sawa, ila mfupa haukuwepo. Docteur Kakule aliuliza kama vipande vilivyobaki haviwezi kuoshwa. “Na pilipili ndani?” Papa Katembo akamwuliza, na shauri likaishia hapo. Ng'ombe walikuwa Beni. Dereva wetu Paluku alikuwa anakwenda Mavivi kuuliza habari za katoni kwa mara nyingine ya bure, basi nikapanda gari naye.

“Uleta mufupa na kwato yake,” Papa Katembo aliniagiza dirishani. “Usikubali bakate kwato.”

“Kwato ya nini, Papa? Tunajaza goti.”

“Uleta tu.”

Katoni haikuwepo, bila shaka. Kule Mulekera, mtaa wa Beni, nilimpata bucha aliyechinja asubuhi hiyo, akanishangaa nikikataa nyama ya paja na kutaka mguu kuanzia goti mpaka kwato, haujakatwa. Nikaufunga katika kitenge, nikauweka chini ya kiti.

Barabarani kulikuwa na kizuizi, kamba na vijana wenye silaha. Mmoja alipekua gari, akagusa kitenge, akahisi ugumu wa kile kilichomo, na uso wake ukabadilika.

“Yaya, nini oyo?” aliniuliza kwa Kilingala. “Mokuwa ya moto?” Mfupa wa mtu, ndivyo alivyodhani, na hakuwa na sababu ya kudhani vingine. Katika miaka ile mifupa ya watu ilisafiri. Bunduki ikageuka upande wangu. Paluku alianza kusali kwa sauti, jambo ambalo halikutusaidia.

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilifungua kitenge upande wa chini, nikamwonyesha kwato.

Kijana alitazama kwato, akanitazama mimi, akacheka hadi akaegemea gari. Wenzake wakaja kuona mama wa hospitali na mguu wake. Kisha wakaona nyama iliyobaki kwenye muundi, wakatoa kisu, wakaikata yote kwa ustadi, wakaturudishia mfupa. Kazi ya kukwangua nilifanyiwa na jeshi, na ndiyo huduma pekee niliyowahi kupata kutoka kwao.

Papa Katembo aliupokea mguu mlangoni. “Bamekuuliza?” akasema. Nikamwambia wameniuliza. “Miye pia baliniuliza, zamani,” akasema, na hakuongeza. Safari hii sufuria ilichemka kwenye jiko letu wenyewe, lililokuwa limezibwa ufa kwa udongo, na Mama Kanyere aliomba akae kando yake alinde asiiguse mtu. Alikaa pale siku zote za kazi ile, akiimba nyimbo za kwaya kwa sauti ya chini, akisogeza makaa. Nadhani hakuna mfupa uliowahi kutakaswa kwa nyimbo nyingi vile.

Docteur Kakule aliinua kifuniko cha goti, akatoa kidogo cha nyonga, akachanganya na punje zetu, akajaza. Nilimpa vijiko mimi mwenyewe, nikifungua kifurushi cha punje taratibu. Goti lilifungwa. Hapakutoka usaha. Kavira alilala, kisha akaketi, kisha akatembea kwa magongo muda mrefu kuliko alivyotaka. Mfupa wa aina hii hauharakishwi, na yeyote atakayewaambia vingine anauza kitu. Siku aliporudi kupigwa picha, daktari aliiinua dirishani. Punje za ng'ombe zilionekana bado, nyeupe, na mfupa wa Kavira ulikuwa umezizingira pande zote.

“Maharagwe imepanda,” Papa Katembo alisema. Kavira akaenda nyumbani, akakanyaga mashine.

Papa Katembo tulimzika baada ya amani kidogo kupatikana, na Docteur Kakule alihamia mbali. Mimi nilibaki na poupinel. Kavira alinishonea nguo zangu zote za kanisani tangu wakati ule, na kila alipokuja kunipima nilimwuliza habari za mama yake. Ni yeye aliyeniambia kwamba Mama Kanyere hajawahi kupika mfupa tena. Nyama, ndiyo. Samaki, ndiyo. Akipewa mfupa sokoni kama nyongeza, anaurudisha. Kwa watu mambo yalikuwa yamekwisha siku ile ile kando ya sufuria. Kwake hayakuisha, na iliniuma kulijua, kwa sababu sikuwa na chombo chochote kabatini cha kutibu hilo.

Siku mliyoniaga, mkumbuke, mlikuwa mmeleta soda na keki, na mkurugenzi alikuwa bado anatafuta karatasi ya hotuba. Mlimwona mama mzee akiingia taratibu na sufuria imefungwa kwa kitenge, na mwanamke wa makamo nyuma yake amebeba bakuli, akipanda ngazi zetu zote bila fimbo. Wengine wenu mliuliza hawa ni nani. Sasa nimewajibu.

Mama Kanyere aliweka sufuria juu ya meza, kando ya keki. Akafungua. Harufu ilikuwa ile ile: nyanya, mawese, pilipili. Mifupa mikubwa ilielea juu, imevunjwa kwa jiwe.

Akachukua kijiko. Kwetu anayempa mtu chakula huonja kwanza, ili mgeni ajue hakina ubaya. Aliinua kijiko, akakiangalia kwa muda mrefu. Kavira hakumsaidia. Alisimama tu pembeni yake, kwa miguu yake miwili.

Mama Kanyere akanywa. Akameza. Kisha akapakua bakuli, akanipa kwa mikono yote miwili.

“Kula, Kahindo,” alisema. “Hii mufupa hapana ya mutu. Ni ya supu tu.”